Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Istilahi za Fasihi na Tamathali za Usemi

Maswali haya nimeyaokota katika miaka ya kufundisha na kusahihisha insha. Mengine huulizwa kwa sauti darasani, mengine huletwa kwa kunong'ona baada ya kipindi, kana kwamba kutojua tofauti ya kejeli na kinaya ni aibu. Si aibu. Hata waandishi wa vitabu vya kiada hawaafikiani kila mahali, na palipo na mvutano nimesema.

Fasihi ni nini? Kwani kila kilichoandikwa si fasihi?

Fasihi ni sanaa ambayo malighafi yake ni lugha. Mchongaji ana gogo, mfinyanzi ana udongo, msanii wa fasihi ana maneno. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa “ufasaha”.

Tangazo la mkutano limeandikwa, lakini ukishajua saa na mahali, kazi yake imekwisha na unaweza kulitupa. Hadithi nzuri unaijua mwisho wake na bado unairudia. Hapo ndipo fasihi inapoachana na taarifa. Na si lazima iandikwe: ngano, vitendawili, methali na nyimbo ni fasihi simulizi, ambayo huishi kinywani mwa msimulizi na masikioni mwa hadhira iliyo mbele yake. Hadhira hiyo inaweza kuitikia, kucheka au kumkatiza. Msomaji wa riwaya hana nafasi ya kumkatiza mtu.

Fani na maudhui hutofautianaje?

Maudhui ni kinachosemwa, fani ni namna kinavyosemwa. Kwa kawaida upande wa fani huwekwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Upande wa maudhui huwekwa dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi.

Mgawanyo huo unafaa kwa kupanga insha, basi. Katika kazi yenyewe viwili hivyo havitengani. Mhusika anayesimulia kwa sentensi za kukatikakatika kwa sababu ana hofu: hofu hiyo ni fani au maudhui? Ni vyote viwili.

Dhamira, maudhui na ujumbe ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa hapa vitabu vyenyewe vinagombana. Vingine hutumia “dhamira” kwa maana ya wazo kuu linaloibuliwa na kazi, vingine kwa maana ya lengo la mwandishi alipoandika. Fuata kitabu unachotumia darasani, lakini elewa kwamba mwenzako wa shule nyingine anaweza kusema tofauti na asiwe amekosea.

Mimi hutumia mfano huu. Chukua hadithi ya baba anayeuza shamba kulipa deni, kisha watoto wanakosa pa kulima. Ukiniambia inahusu “umaskini”, umenitajia mada tu. Ukiniambia inaonyesha jinsi deni la mtu mmoja linavyorithiwa na wasiolikopa, hiyo ni dhamira. Ukiniambia inatuasa tusiuze kinachotulisha ili kuziba pengo la leo, huo ni ujumbe. Maudhui ni jumla ya hayo yote pamoja na migogoro iliyomo. Insha nyingi huishia pale kwenye neno moja, “umaskini”, halafu mwanafunzi anashangaa alama zimekwenda wapi.

Na muundo na mtindo?

Muundo ni mpangilio: matukio yanafuatanaje, sura zimegawanywaje, shairi lina beti ngapi na mishororo mingapi. Mtindo ni mkono wa mwandishi: ametumia nafsi ya kwanza au ya tatu, barua, majibizano, sentensi ndefu au fupi. Waandishi wawili wanaweza kusimulia kisa kilekile kwa muundo uleule, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado ukawatambua kwa mtindo.

Anayesema “mimi” katika hadithi au shairi ndiye mwandishi?

Usikimbilie kusema hivyo. Katika hadithi huyo ni msimulizi, naye ni kiumbe wa kubuni kama wahusika wengine. Mwandishi mwanamume anaweza kusimulia kwa sauti ya bibi kizee, au kwa sauti ya mwizi asiyejutia wizi wake. Katika ushairi anayesema huitwa nafsineni, na anayeambiwa huitwa nafsinenewa.

Ipo mifano ambayo mshairi na nafsineni wanakaribiana sana. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake maarufu mwaka 1858 akimwusia binti yake. Mama anasema, binti anasikiliza. Hata hivyo, katika insha ni salama zaidi kuandika “nafsineni anamwambia mwanawe” kuliko kudhani umeingia kichwani mwa mtunzi.

Tamathali za usemi ni nini, na zina tofauti gani na mbinu nyingine?

Tamathali ni pale lugha inapopindwa kutoka maana yake ya kawaida ili ichore picha, igonge hisia au ifiche makali. Tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, tafsida na kejeli zimo humo.

Taharuki, sadfa na kisengere nyuma hazimo. Hizo ni mbinu za kupanga matukio, na hakuna neno lililopindwa. Swali likidai tamathali, nawe ukajibu kwa taharuki, umejibu swali la mtu mwingine.

Kila penye “kama” pana tashbihi?

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote. Tashbihi hulinganisha vitu viwili vya jinsi tofauti kwa kutumia kiungo kama vile *kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, ja*. “Sauti yake ilikwaruza kama mlango wa bati.” Sauti ya mtu na mlango si jinsi moja, kwa hiyo hapo pana tashbihi.

Sasa angalia hizi:

“Kama utachelewa, tutaondoka.” Hilo ni sharti.
“Walikuja watu kama ishirini.” Hayo ni makadirio.
“Nimenunua daftari kama lako.” Huo ni ulinganisho wa kweli, daftari kwa daftari. Hakuna picha.

Jiulize: je, viwili hivi vinashangaa kukutanishwa? Kama havishangai, hakuna tashbihi.

Sitiari, jazanda na taashira huzitenganishaje?

Sitiari (wengine huandika istiari au istiara) hulinganisha bila kiungo: kitu kinaambiwa *ni* kitu kingine. “Maneno yake ni miba.” Lakini “Dada yake ni daktari” si sitiari. Ni daktari kweli, ana koti na vipimo.

Jazanda huenda mbali zaidi, kwa kuwa kinacholinganishwa hakitajwi. Mtu akiandika, “Tulikuwa tumeota mizizi pale, mara shoka likaja,” hasemi popote kwamba watu ni miti wala kwamba amri ya kuhama ni shoka. Picha imeachiwa msomaji aifasiri. Vitabu kadhaa huiita sitiari iliyofichika, nami sioni ubaya.

Taashira, au ishara, ni kitu ambacho kipo kweli ndani ya hadithi na wakati huohuo kinabeba maana nyingine. Saa ya ukutani iliyosimama tangu siku mama alipofariki ni saa kweli, ina vumbi na betri iliyokwisha. Ila kila inapotajwa tena, unajua inasema nini kuhusu nyumba hiyo. Neno “inapotajwa tena” lina uzito hapa. Kitu kilichotajwa mara moja na kuachwa mara nyingi ni samani tu.

Tashihisi ni kukipa kitu sifa za mtu. Je, upatanisho wa ngeli una neno hapa?

Unalo, na hili halifundishwi vya kutosha. Tashihisi (pia huitwa uhaishaji au uhuishi) hukipa kisicho na uhai, au kisicho binadamu, tabia za kibinadamu: “Upepo ulibisha hodi usiku kucha.” Kiswahili kinampa mwandishi njia mbili za kufanya hivyo, na lugha nyingi hazina anasa hiyo.

Njia ya kwanza ni kuacha kitu katika ngeli yake: “Mti *ulikasirika*.” Kitendo ni cha mtu, lakini upatanisho unaendelea kutukumbusha kwamba huu bado ni mti. Njia ya pili ni kukihamishia kwenye ngeli ya viumbe: “Mti *alikasirika*.” Sasa mti umevuka mpaka, amekuwa mhusika, na tunatarajia aseme.

Ngano hupenda njia ya pili, nazo riwaya mara nyingi hukaa kwenye ya kwanza. Ukikuta mwandishi amebadilisha kutoka *u-* kwenda *a-* katikati ya ukurasa, simama hapo. Ama mhariri amesinzia, ama kuna jambo la makusudi. Mara nyingi ni la makusudi.

Je, sungura anayezungumza katika ngano ni tashihisi? Ndiyo, ingawa kumtaja hivyo peke yake hakuongezi kitu, maana huo ndio utaratibu wa ngano nzima. Na “jua limechomoza”? Hapana, jua huchomoza siku zote. “Jua lilichungulia” ndiyo.

Kinaya na kejeli zinanichanganya. Nisaidie.

Hukuchanganyikiwa peke yako.

Kinaya ni mgongano kati ya kinachotarajiwa na kinachotokea, au kati ya kinachosemwa na hali ilivyo. Mkurugenzi anaitisha mkutano wa kukemea uchelewaji, na yeye ndiye anayefika wa mwisho. Hakuna aliyemcheka wala aliyemtukana. Hali yenyewe imejipinda.

Kejeli inamhitaji msemaji na mlengwa. Mtu anasema kinyume ili kuchoma. Mkurugenzi yule akiingia, karani akamwambia, “Karibu mheshimiwa, tulihofu umewahi mno,” hiyo ni kejeli. Ukiondoa msemaji, kejeli haipo tena, lakini kinaya hubaki.

Dhihaka ni kejeli iliyovua glavu: inadharau moja kwa moja, haihangaiki kusema kinyume. Zote tatu zinaweza kukaa katika aya moja, na mwandishi hodari huzipanda ngazi hivyohivyo. Huanza na kinaya ambacho msomaji pekee anakiona, kisha kejeli ya chinichini, kisha mtu mmoja anashindwa kujizuia.

Chuku si uongo tu?

Uongo unataka uaminiwe. Chuku, au mubalagha, inataka ijulikane kwamba imezidisha. “Alilia hadi mito ikaona haya” haimdanganyi mtu yeyote. Angalia pia kwamba mito iliyoona haya ni tashihisi. Kifungu kimoja kubeba tamathali mbili ni jambo la kawaida, na unaruhusiwa kuzitaja zote.

Na maswali ya balagha ndiyo mubalagha?

Hapana. Majina yanafanana kwa sababu asili yake ni moja katika Kiarabu, lakini kazi ni mbali. Swali la balagha ni lile lisilongoja jibu: “Nani asiyetaka kupendwa?” Mubalagha ni chuku.

Tafsida ni adabu tu au ni sanaa?

Huanza kama adabu. Tunasema mtu *ametutoka*, mama *amejifungua*, mgonjwa *anajisaidia*. Lugha imetuwekea hizo tayari na tunazitumia bila kufikiri. Tena tafsida huchakaa: neno lililokuwa la kusitiri likizoeleka, watu huanza kulionea haya lenyewe, likatafutwa jingine la kulisitiri.

Katika fasihi, la kutazama ni *nani* anatumia tafsida na *wakati gani*. Daktari katika hadithi akisema “hatukufanikiwa” badala ya “amekufa”, tafsida inaweza kumwonyesha kuwa mpole, au mwoga, au mtu aliyelisema hilo mara nyingi hadi limemtoka ladha. Sentensi zinazolizunguka ndizo zitakazokuambia ni lipi.

Tanakali za sauti: ni sauti tu?

Jina linadai hivyo: kitu kilitumbukia majini *chubwi*, kikaanguka *pu*. Masikio yanakubali. Lakini tunasema pia nyeupe *pe*, kimya *ji*, giza *totoro*, kulala *fofofo*. Weupe una sauti gani? Na *ji* ni mlio wa nini, ikiwa jambo lenyewe ni ukosefu wa mlio?

Hizi haziigi sauti, zinaiga hali. Katika sarufi utazikuta zikiitwa vielezi viigizi. Kwenye insha ya fasihi mwalimu wako huenda akazikubali chini ya tanakali, na ni sawa, ila eleza athari yake kwa uangalifu. “Inamfanya msomaji asikie” ni jibu zuri kwa *chubwi* na jibu baya kwa *pe*.

Neno likirudiwa, hiyo ni takriri?

Likirudiwa kwa makusudi ya kusisitiza au kujenga mdundo, ndiyo. Sauti, neno, kifungu na hata mshororo mzima vinaweza kurudiwa. “Polepole” si takriri, kwa kuwa hilo ni neno moja lililozaliwa hivyo. Na mwanafunzi anayerudia neno kwa sababu amekosa jingine, huyo naye hajatumia takriri.

Nahau na methali ni tamathali?

Nahau ni sitiari iliyogandishwa. Wa kwanza aliyesema mtu “amevunjika moyo” alichora picha. Leo hatuoni moyo wala vipande vyake, tunasikia tu “amekata tamaa”. Mwandishi akiitumia ilivyo, anatumia msamiati wa kawaida na hakuna haja ya kupiga makofi. Akiifungua upya, mambo hubadilika: “Moyo wake ulikuwa na ufa, akawa anautembeza taratibu usije ukaachana.” Hapo ile picha iliyokufa imefufuliwa, na hilo linastahili sentensi mbili za maelezo.

Methali ni utanzu unaojitegemea wa fasihi simulizi. Ndani yake hubeba tamathali na mapambo ya sauti. *Haba na haba hujaza kibaba* ina sitiari, ina takriri, na mwisho wa kila upande una “ba”. Ukiikuta katika tamthilia, usiishie kuandika “ametumia methali”. Angalia nani anaitamka. Wahusika wakorofi nao hupenda methali, hasa wanapotaka kumnyamazisha mtu.

Majazi na lakabu?

Majazi ni jina alilopewa mhusika na mwandishi likaendana na tabia yake: mchoyo anaitwa Mkono, mpatanishi anaitwa Salama. Lakabu ni jina la kupanga ambalo mhusika hupewa na wenzake au hujibandika mwenyewe ndani ya hadithi. Majazi yanatoka nje ya hadithi, lakabu inazaliwa ndani yake. Hakuna zaidi.

Taharuki, sadfa, kisengere nyuma: zinafanya kazi gani?

Taharuki ni hamu ya kutaka kujua kitakachofuata. Haihitaji mauaji wala kufukuzana. Inahitaji swali lililofunguliwa na jibu linalocheleweshwa.

Sadfa ni matukio mawili kukutana bila kupangwa na wahusika. Itumie kwa kipimo unapoandika hadithi zako. Sadfa inayomwingiza mhusika matatani msomaji huisamehe, ile inayomtoa matatani dakika ya mwisho huiona kama mwandishi ametoroka.

Kisengere nyuma, au mbinu rejeshi, huirudisha hadithi kwenye tukio lililopita. Kisengere mbele hudokeza lijalo. Msomaji akikuta “miaka mitatu kabla ya hapo” asiridhike kulitambua jina. Aulize kwa nini tukio hilo limezuiliwa hadi sasa.

Mizani huhesabiwaje? Mimi hupata idadi tofauti na ya mwalimu.

Mizani ni silabi. Huu ni ubeti nilioutunga kwa ajili ya swali hili:

*Kalamu nimeishika, neno haliji kichwani,*
*Usiku wamalizika, sijafika ukingoni,*
*Vina vimeniponyoka, mizani haifanani,*
*Ewe shairi amka, wanilaza mashakani.*

Hesabu mshororo wa kwanza: ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka, nane. Ne-no-ha-li-ji-ki-chwa-ni, nane. Jumla 16. Watu hupotea mahali pawili. Kwanza, irabu zinazofuatana kila moja ni silabi yake, kwa hiyo “nimeishika” ina tano. Pili, ile *m* ya “amka” inasimama peke yake: a-m-ka, silabi tatu. Hali kadhalika m-tu. Lakini *m* ya “mbegu” imeshikamana na *b*: mbe-gu. Piga meza kwa kidole huku ukitamka na utaisikia.

Kina cha kati ni *ka*, cha mwisho ni *ni*. Kipande cha kwanza cha mshororo huitwa ukwapi, cha pili utao. Vikiwa vitatu cha tatu ni mwandamo, na cha nne ni ukingo. Kwa kuwa ubeti una mishororo minne, shairi la namna hii huitwa tarbia. Ikiwa mitatu ni tathlitha, mitano takhmisa, sita tasdisa. Majina hayo ni namba za Kiarabu zilizovaa kanzu. Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti ni kibwagizo, usiporudiwa ni kiishio au kimalizio.

Tazama “wanilaza”. Kwa mazungumzo ya kawaida ningesema “unanilaza”, lakini hiyo ingeleta mizani tisa. Kufupisha hivyo huitwa inkisari, na ni sehemu ya uhuru wa mshairi. Kinyume chake ni mazda, kurefusha neno. Ipo pia tabdila, kubadili sauti bila kubadili idadi ya silabi, na kuboronga sarufi, yaani kupindua mpangilio wa maneno kama “yangu siri” badala ya “siri yangu”.

Na tamathali? Shairi limelala na linaamriwa liamke. Halafu aliyelala ndiye anayemlaza mwingine. Nakiri nilifurahi lilipotokea hilo, maana mwanzoni nilikuwa natafuta kina tu.

Shairi lisilo na vina ni shairi kweli?

Hili liliwahi kuwagawa wataalamu kambi mbili. Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za utunzi mwaka 1954, na kwa wengi waliomfuata vina na mizani vilikuwa mlango wa kuingilia. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya kwanza ya mashairi huru, na ubishi ukawaka. Leo mashairi huru, au masivina, hufundishwa pamoja na ya arudhi, yaani yanayofuata kanuni za vina na mizani. Yanategemea picha, mpangilio wa mistari na mdundo wa mazungumzo. Kwa maoni yangu ni magumu zaidi kutunga. Kina humbeba hata mtunzi dhaifu, na kikiondoka unaona miguu yake.

Swali likisema “jadili matumizi ya lugha”, niandike nini?

Usiandike orodha. Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri tamathali zaidi ya ishirini, nikawa naingia kwenye shairi kama mpimaji: tashbihi ipo, takriri ipo, imetosha. Nilikuwa na majina yote, na shairi lenyewe sikuwa nimelisoma.

Tuchukue kifungu nilichokibuni:

*Barua ilifika Jumatatu. Bi Zuhura hakuifungua. Aliiweka juu ya kabati, na kabati likaanza kumtazama. Alifagia, likamtazama. Alipika, likamtazama. Siku ya tatu nyumba yote ilikuwa jicho moja kubwa, na yeye kibanzi ndani yake.*

Jibu la kwanza: “Mwandishi ametumia tashihisi, kwa mfano kabati likaanza kumtazama. Ametumia takriri, kwa mfano likamtazama, likamtazama. Ametumia sitiari, kwa mfano nyumba ilikuwa jicho. Tamathali hizi zimeipamba kazi na kumvutia msomaji.”

Kila sentensi ni kweli, na hakuna hata moja inayomhusu Bi Zuhura. Ile ya mwisho ungeweza kuipachika kwenye insha yoyote duniani.

Jibu la pili: “Barua imefungwa, lakini hofu iliyomo imeshatoka na kuingia kwenye samani. Kabati linapewa kazi ya macho, ingawa mwandishi analiacha katika ngeli yake: ni *li-*, si *a-*. Lingekuwa mtu, Bi Zuhura angeweza kulisemesha. Kurudiwa kwa ‘likamtazama’ baada ya kila kazi ndogo ya nyumbani kunaonyesha kwamba shughuli hazimsaidii kusahau. Kisha jicho linapanuka kutoka kabati hadi nyumba nzima. Sitiari ya kibanzi inageuza mambo: kumbe si yeye tu anayeumizwa na kutazamwa, yeye ndiye kitu kigeni kinachoumiza jicho. Anajiona hafai katika nyumba yake mwenyewe, na hilo linatufanya tushuku kwamba anajua barua inasema nini.”

Hapo kuna tamathali zilezile tatu. Tofauti ni kwamba kila moja imeulizwa: *kwa nini hapa, kwa nini hivi?* Ukitaka kupima sentensi yako, jaribu kuihamishia kwenye insha ya kitabu kingine. Ikikaa vizuri, ifute.

Nikiiona mbinu lakini jina limenitoka?

Ieleze kwa maneno yako. “Mwandishi anamfanya mhusika aongee na marehemu kana kwamba amekaa mbele yake, na hilo linaonyesha kwamba hajakubali kifo chake.” Msahihishaji ataona umeelewa, na huenda akaandika *ritifaa* pembeni kwa kalamu nyekundu, pengine akakukata nusu alama. Aliyeandika “ritifaa” pekee, bila kusema aliyekufa ni nani wala anaambiwa nini, amepata hiyo nusu yako na kukosa zilizobaki.